Namna ya kuomba nafasi ya uzamivu wa sayansi ukiwa Unguja au Pemba

Nafasi nyingi za uzamivu (PhD) wa sayansi huko Sweden, Norway na Uholanzi ni ajira: unalipwa mshahara, hulipi ada. Kwa hivyo zitafute penye matangazo ya kazi: Jobbnorge kwa Norway, AcademicTransfer kwa Uholanzi, EURAXESS kwa Ulaya nzima. Nafasi za Marie Skłodowska-Curie, zinazofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, zinatufaa sana sisi, maana zinataka usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya chuo hicho zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia.

Anza na majina. Weka pamoja cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli na chuo, na pasipoti, uvisome herufi kwa herufi. Khamis kwenye kimoja na Hamis kwenye kingine mfumo wa maombi wa mtandaoni utavipokea bila neno, kisha mambo yakwame kwenye viza, wakati muda umeshakwisha. Nenda kwa wakili mapema akuandikie hati ya kiapo inayotaja majina yote mawili.

Kwenye transkripti, hakikisha kipimo cha alama kimeandikwa. GPA ya 4.2 haimwambii kitu msomaji wa nje mpaka ajue kwamba kilele ni 5. Omba pia barua ya chuo kwamba ulisoma kwa Kiingereza. Vyuo vingine huikubali badala ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, vingine havitaki kuiona.

Maombi mengi mazuri hufia kwa wadhamini, yaani walimu wanaokuandikia barua za mapendekezo. Mara nyingi ni mfumo wenyewe unaomtumia mwalimu wako kiungo, kinaangukia kwenye barua taka, naye yuko kazini Micheweni hafungui barua pepe. Mwombe mwezi mmoja kabla. Muulize anatumia anwani ipi. Ya chuo ni bora kuliko ya binafsi. Mpelekee tangazo, wasifu wako na mambo matatu ambayo ameyaona kwa macho yake: ulichopima, programu uliyochambulia, ulichoandika. Barua ya "ni kijana mwenye nidhamu" haikusaidii, hata ikitoka kwa profesa. Siku utakayotuma, mpigie simu.

Barua yako mwenyewe isizidi ukurasa mmoja, na kila nafasi iwe na yake. "Nina hamu kubwa ya kusoma sayansi ya bahari" iache. Andika kama hivi: "Nilipima joto la maji na ukuaji wa mwani wa cottonii katika mashamba ya Jambiani, nikachambua takwimu kwa R. Mradi wenu unauliza kwa nini mwani hufa maji yakipanda joto. Data zangu zinaonesha pa kuanzia." Msimamizi anatafuta mtu atakayeanza kazi, na sentensi hizo zinamwonesha.

Ikiwa utafiti utafanyika hapa, kwenye mpango wako weka muda wa kupata kibali cha SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar). Kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, pekee hakikutoshi Visiwani.

Saa nayo ina mtego. Mwisho wa saa 23:59 ya Stockholm ni saa 7:59 usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa 6:59 wakati wa joto. Tuma siku mbili kabla, usubiri barua pepe ya uthibitisho, kisha ingia tena ufungue kila faili. Cheti kilichopigwa picha kwa simu huonekana safi kwenye kioo kidogo, lakini kwenye kompyuta muhuri hausomeki.