Somo: Kukatia bima nyumba ya zamani hapa mjini Mwanza

Habari za jioni wanachama. Somo hili niliwaahidi tangu mwezi uliopita, na wengi mmekuwa mkiniuliza pembeni, "Wewe mwenyewe ulilipwa shilingi ngapi?" Basi nianze hapo hapo.

Nyumba yetu ya Kirumba aliijenga babu: msingi wa mawe, kuta za matofali ya kuchoma, mabati yale mazito ya zamani na boriti alizojisifia mpaka anaingia kaburini. Mwaka mmoja upepo wa mvua za vuli uling'oa mabati ya upande wa ziwani. Bima nilikuwa nayo. Mtathmini wa hasara akaja, akapanda ngazi, akatoa biro mfukoni na kuichomeka kwenye boriti iliyobaki juu. Ikazama mpaka kwenye kifuniko, unga wa mchwa ukammwagikia shatini. Hakuuliza kitu kingine, akashuka.

Boriti zote zikaondolewa kwenye madai kwa jina la uchakavu. Kilichobaki kikakatwa nusu, kwa sababu nitakayoieleza hatua ya pili. Nikaambulia pesa ya mabati na misumari. Jina la kampuni silitaji, na wala sina cha kuidai: yote yalikuwa kwenye karatasi nilizosaini huku nikiangalia saa.

Hatua ya 1: Ikague nyumba kabla hujaenda kwa wakala

Bima hulipa tukio la ghafla. Kinachooza pole pole hailipi: mchwa, kutu, unyevu unaopanda ukutani, paa linalovuja kila masika. Nyumba zetu za zamani zina hayo yote, kwa hiyo panda darini na tochi, chomeka biro yako mwenyewe kabla ya mtu mwingine.

Kubwa zaidi ni umeme. Nyumba nyingi za Uhuru, Mabatini na Isamilo bado zina nyaya zilizowekwa wakati ndani kuna taa nne na redio. Leo waya ule ule unabeba friji, pasi, jiko la umeme na chaja za wapangaji watano. Ganda la waya likikauka, ukilikunja linapasuka kama ufito mkavu. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), apime, abadilishe panapostahili, na akuachie ripoti yenye saini. Karatasi hiyo ina nguvu siku ya kuomba bima na siku ya kudai fidia pia.

Ukimaliza, piga picha kila chumba, kila kona ya paa, na zihifadhi nje ya nyumba. Simu iliyoungua na nyumba haina picha.

Hatua ya 2: Kiasi cha bima

Hapa ndipo wengi tunaangukia, kwa hiyo nivumilieni.

Kiasi cha bima hakihusiani na bei ambayo ungeuza. Kiwanja cha katikati ya mji kina thamani kubwa, ila kiwanja hakiungui. Unachokatia bima ni gharama ya kuijenga nyumba hiyo upya leo: kubomoa na kuondoa kifusi, mafundi, saruji, nondo, mbao, mabati. Pale mjini bei ya kuuza inaweza kuwa juu sana kwa sababu ya kiwanja, na kwa nyumba ya pembeni iliyojengwa imara mambo yanaweza kuwa kinyume, kujenga upya kukawa ghali kuliko bei ya kuuza.

Ukiandika kiasi kidogo ili ada ipungue, unakutana na kanuni ya wastani. Chukua nyumba ya kujengwa upya kwa shilingi milioni 120, wewe umeikatia milioni 60. Moto ukala jiko na chumba kimoja, hasara milioni 20. Utasema, "Milioni 20 ziko ndani ya 60, nilipeni zote." Hapana. Umeikatia bima nusu ya nyumba, utalipwa nusu ya hasara: milioni 10. Halafu wanatoa ekses, ile sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo mkataba unasema utajibebea mwenyewe. Mimi ndivyo nilivyokatwa.

Ukiweza, mlipe mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa akutolee hesabu ya kujenga upya. Ukishindwa, chukua makadirio ya maandishi ya mafundi wawili. Na kila mwaka wa kuhuisha bima urudie hesabu, maana bei ya mabati ya mwaka juzi haipo tena dukani.

Uliza pia kama mkataba unalipa kipya kwa cha zamani, yaani bei ya kitu kipya badala ya kilichochakaa, au unakata uchakavu. Kwa nyumba ya miaka 60, tofauti ya hayo mawili ni paa zima.

Hatua ya 3: Majanga gani?

Msingi ni bima ya moto, ambayo kwa kawaida inabeba na radi. Mengine yanaongezwa, na ni wewe wa kuyataja. Kwa Mwanza ningetazama haya:

Mafuriko, hasa kama uko karibu na Mto Mirongo au bondeni. Walio ufukweni wanakumbuka 2020, ziwa lilipopanda kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960.

Tetemeko. Lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi Bukoba, na huku kwetu tulilisikia.

Maporomoko. Sisi wa milimani tunalala chini ya mawe yaliyobebana. Mikataba mingi huyatoa maporomoko ya ardhi nje, kwa hiyo tafuta neno hilo kwenye orodha ya yasiyolipwa. Orodha hiyo isome kwanza kuliko ile ya yanayolipwa.

Upepo, bomba kupasuka na wizi wa kuvunja, sina la kuongeza: waambie waviweke.

Hatua ya 4: Jaza fomu kwa ukweli wote

Sema mwaka wa kujengwa, hata kama ni wa kukisia, na uandike kuwa ni wa kukisia. Sema kama kuna fremu za biashara mbele, mama lishe anayepikia uani, fundi cherehani chumbani. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni, inaweza kukataa madai yote, hata kama ulichoficha hakikuwasha moto. Usimwachie wakala akujazie halafu wewe usaini.

Hatua ya 5: Kulipa na kuhakiki

Wakala anauza kwa niaba ya kampuni. Dalali wa bima anakusimamia wewe na anaweza kukuletea bei za kampuni kadhaa. Benki nazo zinauza. Popote utakapokwenda, ada ya bima ya mali inaongezewa VAT: ukitajiwa bei, uliza jumla yake pamoja na VAT kabla hujaandaa pesa. Bila ada kulipwa hakuna bima, na ahadi ya mwisho wa mwezi haikulindi. Ukipewa hati, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima nchini) mtandaoni au pita ofisi yao ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza.

Maswali ya wanachama

*Wa Igogo: Shikamoo kaka. Hati ya nyumba bado ina jina la marehemu baba. Naweza kukata bima?*

Marahaba mdogo wangu. Wa kukata ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa niaba ya warithi. Kama hamjamteua, anzeni hapo. Ukikata kwa jina lako peke yako, siku ya hasara utaulizwa nyumba ni ya nani, na ndugu nao watauliza.

*Wa katikati ya mji: Mimi ni mpangaji kwenye ghorofa la Shirika la Nyumba. Nikate bima ya jengo?*

Jengo si lako, mama. Katia vitu vyako vya ndani, na uongeze bima ya dhima, ili maji yako yakiharibu dari ya jirani wa chini usiuze kabati kumlipa. Aliyenunua sehemu yake kwenye ghorofa ni habari nyingine: wamiliki wakae pamoja wakate bima moja ya jengo zima, ndani kila mtu na yake.

*Wa Kitangiri: Umeme ulikatika, uliporudi ukaua friji na TV. Inalipwa?*

Bima ya moto ya kawaida hailipi kifaa kilichokufa tu bila moto. Omba kiongezwe kipengele cha hitilafu ya umeme, na nunua kifaa cha kulinda friji, ni nafuu kuliko ada.

*Wa Mwaloni: Mpangaji wangu ana mtumbwi, anaweka madumu ya petroli ya mashine chumbani. Niseme kwenye fomu?*

Kwanza madumu yatoke leo, kaka. Chumba cha kulala si pa petroli, hata kabla hujazungumza na kampuni. Akigoma, yeye atoke na madumu yake.

*Wa Nyegezi: Moto ukitokea, nianze na nini?*

Toa watu, piga 114 Zimamoto. Kisha ijulishe kampuni haraka, kwa maandishi, maana mkataba una siku zake. Chukua ripoti ya Zimamoto; kwa wizi chukua RB (namba ya taarifa uliyotoa) polisi. Usifanye ukarabati kabla mtathmini hajaona, isipokuwa kufunika paa kwa turubai mvua isiongeze hasara, na hilo lipige picha. Mkishindwana na kampuni, nenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

*Wa Bwiru: Na zile boriti za babu?*

Nne nimebadilisha, mbao zilizotiwa dawa. Mbili zilizobaki nilizichomeka biro mwenyewe wiki iliyopita. Biro ndiyo iliyovunjika.