Kushona kurta ya khadi: kuanzia beseni la maji hadi kifungo

Khadi ni kitambaa, mara nyingi cha pamba, ambacho uzi wake umesokotwa kwa mkono kwenye charkha, yaani gurudumu la kusokotea uzi, kisha ukafumwa kwa mkono. Lazima yawe yote mawili. Kitambaa cha kufuma kwa mkono chenye uzi wa kiwandani kinaweza kuwa kizuri sana, lakini si khadi. Nchini India, tangu 2013 kuna alama rasmi ya Khadi Mark. Kama kitambaa hakina alama, chomoa nyuzi tano au sita ukazitazame kwenye mwanga. Uzi wa mkono ni mnene hapa, mwembamba pale, na msokoto wake haulingani. Nyuzi zikifanana zote, zimetoka kwenye mashine. Kisha choma moja: pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta hujikunja kuwa kitone kigumu.

Uzi huo usiolingana ndio unaoamua mambo yote yanayofuata. Khadi hurudi (hupungua) ikilowa, huvutika ikikatwa mshazari, na nyuzi zake huchomoka ukingoni. Ndiyo maana mkato wa zamani wa kurta, shati refu la Kihindi, hutumia vipande vilivyonyooka. Aliyewahi kushona kanzu atauona kama jamaa yake: badani (kipande cha mwili), taharizi (vipande vya ubavuni), vikwapa (viraka vya kwapani) na mikono. Patani ya shati la kisasa yenye mviringo begani iache kwa kitambaa kingine.

Vipimo hapa ni vya mtu wa kifua inchi 38, kurta ya urefu wa inchi 38. Nunua mita 3 za kitambaa cha upana wa inchi 36.

1. Lowesha kabla ya kugusa mkasi

Kitambaa kipya huwa na wanga uliopakwa kwenye mtande (nyuzi za urefu) ili nyuzi zisikatike wakati wa kufuma. Kiloweke usiku kucha katika maji matupu, kifue kwa sabuni laini, usikikamue kwa kukisokota, kianike kivulini. Kama ni kizito, rudia. Kipige pasi kikiwa bado na unyevu, ukifuata mtande, usiende mshazari. Wanaoruka hatua hii hupata kurta inayokaa vizuri hadi siku ya kufuliwa, kisha mikono inapanda juu ya kifundo cha mkono.

Kama kina rangi, sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikitoka, fua tena hadi maji yawe safi. Chumvi haizuii rangi kutoka, hata ukiambiwa.

2. Nyoosha na kata

Usichane kwa mikono, ukingo utapinda. Chomoa uzi mmoja wa mshindio (nyuzi za upana) kutoka upande hadi upande, ukate kwenye njia iliyobaki. Uzi ukikatika njiani, na utakatika, kata hadi hapo kisha ushike ncha yake tena kwa sindano.

Badani ni moja, mbele na nyuma pamoja, bila mshono begani: inchi 17 kwa 79. Pembeni mwake, kwenye upana uliobaki, kata mistatili miwili ya inchi 12 kwa 32. Kila mmoja utatoa taharizi mbili: kwenye ukingo wa juu pima inchi 4 kutoka kushoto, kwenye ukingo wa chini inchi 8 kutoka kushoto, unganisha kwa mstari, kata. Vikwapa ni miraba miwili ya inchi 5. Mikono ni miwili, inchi 17 kwa 26, na hukaa sambamba kwenye kitambaa kilichobaki baada ya badani. Upana ukirudi chini ya inchi 34, punguza nusu inchi kila mkono. Vipande vya kola na vya mpasuo wa kifua vitatoka kwenye masalio.

Punguza mkono hadi inchi 12 kwenye kifundo, lakini anza kupunguza inchi 7 na nusu kutoka juu. Sehemu hiyo ya juu itapokea taharizi na kikwapa, nayo lazima ibaki imenyooka.

Mshono wote ni nusu inchi, isipokuwa shingo: robo inchi. Sindano namba 11 kwa khadi nyepesi, 14 kwa nzito. Mishono 10 hadi 12 kwa inchi. Ikizidi kubana, mstari hujikunja.

3. Shingo na mpasuo, badani ikiwa bado bapa

Kunja badani katikati upate mstari wa bega. Kata shingo upana inchi 5 na nusu, kina inchi 2 na robo tatu mbele, nusu inchi nyuma. Papo hapo pitisha mshono mmoja kuzunguka, karibu kabisa na ukingo. Shingo ni mviringo pekee katika nguo hii, na isipozuiwa itapanuka mikononi mwako.

Mpasuo: chora kisanduku cha upana inchi 1 na kina inchi 12, kata katikati, ukibakiza nusu inchi chini, kisha kata kwenda kwenye pembe mbili. Shona vipande vya upana wa inchi 3 kila upande, vikunje viwe inchi 1, kimoja juu ya kingine. Sasa ndipo upime shingo kutoka ukingo hadi ukingo, uongeze inchi 1, ukate kola ya kusimama yenye kimo cha inchi 2, mara mbili.

4. Mikono, taharizi, kikwapa

Weka katikati ya mkono kwenye mstari wa bega, shona, ukiacha nusu inchi wazi kila mwisho. Chini yake, shona upande wa mshazari wa taharizi kwenye ukingo ulionyooka wa badani. Usiunganishe mshazari na mshazari: mshono utavutika na kuning’inia kama mfuko. Kitakachozidi chini, kama robo inchi, utakisawazisha kwenye pindo.

Ncha nyembamba ya taharizi, iliyo juu, ishone kwenye mkono, inchi 3. Kwenye pembe iliyobaki ingiza kikwapa: upande mmoja kwa mkono, wa pili kwa taharizi. Piga bandi (mshono wa muda) kwanza. Ukikata pembe kwa mkasi, ishia nyuzi mbili kabla ya mshono. Ukiugusa, patachanika hapo hapo.

Kila mshono ukimaliza, punguza upande mmoja hadi robo inchi, kunja mwingine juu yake, ulaze, ushone tena. Oveloki peke yake haitoshi. Nyuzi zenye msokoto hafifu huteleza kutoka ndani yake baada ya kufuliwa mara kadhaa.

5. Ubavu na sijafu

Shona kutoka kifundo, kupitia kikwapa, hadi inchi 10 kabla ya pindo. Hapo ni mpasuo wa pembeni. Juu yake weka kiraka kidogo kwa ndani, maana ndipo kurta huraruka mtu akikaa. Pindo na vifundo: kunja nusu inchi, kisha inchi 1. Vifungo vinne, inchi 3 kati ya kimoja na kingine, na matundu yake yashonwe wima.