Jinsi ya kutengeneza shimo jeusi (anza na nyota, na uwe na subira)

Haya, kwanza tuelewane, shimo jeusi sio shimo. Hakuna kitu kimetobolewa huko juu. Ni mzigo, tena mzigo mzito wa kutisha uliobanwa kwenye kasehemu kadogo mpaka hata mwanga, ambao unakimbia karibu km 300,000 kwa sekunde, ukijaribu kutoka unashindwa. Kwa hiyo kazi yako yote ni kubana tu, ila kubana kwenyewe ndo balaa.

Kinadharia unaweza kubana chochote. Dunia yetu hii na bahari zake na milima yake na watu wote na madeni yao, ukiiminya mpaka iwe saizi ya gololi, kama sentimita 1.8 upana, tayari una shimo jeusi mfukoni (usiliweke mfukoni). Jua nalo liminye mpaka kutoka katikati hadi ukingoni zibaki km 3. Hesabu hizi asili yake ni Karl Schwarzschild, Mjerumani aliyezipiga akiwa jeshini katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zikachapishwa 1916 na mwaka huohuo akafariki. Wengine tukiwa na mafua tu hata meseji hatujibu.

Sasa mashine ya kuminya Dunia iwe gololi hakuna, ndo maana inabidi utafute kitu kinachojiminya chenyewe, yaani nyota. Na usije ukachagua Jua! Jua ni jepesi, likizeeka litavimba, litamwaga ngozi yake ya nje, kitakachobaki ni kibonge kidogo cheupe kinachopoa taratibu kama chai iliyosahaulika. Wewe unataka nyota yenye uzito wa Jua mara 20 hivi kwenda juu, mimi ningechukua ya 25 kabisa nisije nikaumbuka.

Ukishaipata, kaa pembeni uangalie. Ndani ya nyota kuna mchezo wa kuvuta kamba usio na mapumziko, graviti inavuta kila kitu kwenda katikati, na joto la hidrojeni inayogeuka kuwa heliamu linasukuma kwenda nje, na hizo pande mbili zinatoka sare kwa miaka na miaka. Ungedhani nyota kubwa yenye mafuta mengi ndo itadumu zaidi, wapi, hiyo inayatumia kama mtu aliyepokea mshahara jana. Jua limepangiwa kama miaka bilioni 10, ya kwako ya 25 inamaliza hidrojeni ndani ya miaka milioni 7 hivi. Inahamia kwenye heliamu, inapata laki kadhaa za miaka. Kaboni, kama miaka 600. Oksijeni, miezi sita. Halafu silikoni, hii ndo inanichekesha kila nikiifikiria, silikoni inaisha kwa kama siku moja, yaani mamilioni ya miaka yote yale na jambo la mwisho linaamuliwa kati ya asubuhi na asubuhi.

Silikoni inaacha chuma, na chuma ndo mwisho wa biashara, maana vitu vyote vya nyuma ukiviunganisha vinakulipa nishati, chuma ukikiunganisha chenyewe kinakudai. Kinalundikana tu pale katikati mpaka kufika kama uzito wa Jua mara 1.4, kikomo ambacho Chandrasekhar, mwanafizikia wa Kihindi, alianza kukipigia hesabu 1930 akiwa na miaka 19, ndani ya meli inayotoka India kwenda Uingereza. Hapo kiini, kitu chenye ukubwa wa kukaribia Dunia nzima, kinaporomoka chini ya sekunde moja. Na ngozi ya nje ya nyota haina habari! Inaendelea kung'aa vilevile, taarifa za msiba zinaifikia masaa kadhaa baadaye, ndo inalipuka.

Usishangilie bado. Nyutroni, zile chembe za ndani ya atomi zilizojaa kwenye kiini, zinaweza kubanana zikakataa kuporomoka zaidi, ukaishia na nyota ya nyutroni ya km 20 na kitu, ambayo ni nzuri lakini sio ulichoagiza. Ila kama mabaki yanazidi Jua mbili au tatu hivi, hakuna kitu chochote tunachokijua cha kuyazuia. Hongera, umepata.

Utajuaje kama umepata wakati hakionekani? Angalia jirani yake. Kuna Cygnus X-1, iligunduliwa 1964, pale nyota kubwa ya buluu inazungukana na kitu kisichoonekana kila baada ya siku 5.6, na gesi inayonyonywa inachemka mpaka inatoa eksirei. Mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne kwamba hilo sio shimo jeusi, 1990 akakubali yaishe akalipa, na malipo yalikuwa gazeti la watu wazima la mwaka mzima. Wanasayansi bana.

Matumizi: halivuti kila kitu kama watu wanavyodhani. Jua likibadilishwa na shimo jeusi lenye uzito uleule, Dunia itaendelea kuzunguka palepale, ila tutakuwa gizani na baridi itatumaliza. Shida ni kulisogelea. Hili la saizi ya nyota ukiliingia miguu ikitangulia, miguu inavutwa kwa nguvu kuliko kichwa na unarefuka kama tambi kabla hata hujafika mlangoni, yaani ule mpaka ambao ukishauvuka hata mwanga haurudi. Yale makubwa, kama la katikati ya galaksi yetu lenye uzito wa Jua milioni 4, mlango unaupita mzima mzima bila kuhisi kitu, ila kurudi ndo hakuna.

Na likikuchosha? Hawking huyohuyo alionyesha 1974 kwamba linavuja nishati kidogo kidogo mpaka liishe. La uzito wa Jua litachukua miaka 1 ikifuatwa na sifuri 67 hivi, na la kwako ni zito zaidi, kwa hiyo litakawia zaidi ya hapo.