Jinsi ya kupima na kupunguza hewa ukaa ya TEHAMA ya jiji

Mwongozo huu ni kwa afisa TEHAMA wa jiji au manispaa nchini Tanzania. Wa Kenya naye ataufuata vilevile, ila namba zake za umeme zitakuwa ndogo zaidi, maana sehemu kubwa ya umeme wa gridi yao inatokana na jotoardhi, maji na upepo.

Kwanza weka mipaka. Kompyuta za makao makuu na za kata, mashine za POS za ushuru, kamera, ruta, chumba cha seva, viyoyozi vyake na jenereta: andika kipi kinaingia na kipi hakiingii, na mwaka ujao usibadilishe. Mfumo unaoendeshwa na wengine, kama TAUSI wa TAMISEMI wa kukusanya mapato ya halmashauri, usiuingize kwenye seva zako. Upe mstari wake peke yake, hata kama kwa sasa utabaki mtupu.

Halafu hesabu vifaa kwa miguu. Rejesta ya mali haitoshi, kwani huwa na kompyuta zilizokufa zamani ambazo bado hazijafutwa, na haina zile zilizoletwa na miradi ya wafadhili. Pita chumba kwa chumba ukiandika modeli, mwaka wa kununuliwa na kama kifaa kinafanya kazi.

Kwa kila modeli tafuta karatasi ya hewa ukaa ya mtengenezaji, yaani makadirio ya hewa ukaa ya kifaa kimoja tangu kutengenezwa hadi mwisho wa matumizi. Dell, HP na Lenovo huzitoa bure mtandaoni. Hapa wengi huchukua jumla iliyoandikwa juu, na hilo ni kosa: jumla hiyo ina umeme wa matumizi uliokadiriwa kwa gridi ya Ulaya au Marekani. Chukua sehemu ya kutengeneza na kusafirisha tu, umeme utaupima mwenyewe. Kompyuta mpakato nyingi huangukia kati ya kilo 200 na 350 za hewa ukaa. Gawa kwa miaka itakayotumika. Yenye kilo 280 ikidumu miaka 4 ni kilo 70 kwa mwaka; ikidumu 7 ni kilo 40. Kwa kompyuta 500, tofauti hiyo ni tani 15 kila mwaka, na hujagusa swichi hata moja.

Kwenye umeme, usisome kibandiko cha nyuma. Kompyuta ya mezani iliyoandikwa wati 300 mara nyingi hula wati 40 hadi 60 ikifanya kazi za ofisi. Tumia mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, pima vifaa vichache vya kila aina kwa wiki nzima, kisha zidisha. Tuseme kompyuta na skrini yake ni wati 75, saa 8, siku 250: yuniti 150 kwa mwaka. Ikiachwa ikiwaka usiku na wikendi kwa wati 45, zinaongezeka yuniti 304. Yaani muda ambao hakuna mtu ofisini unakula mara mbili ya muda wa kazi. Weka amri ya kuzima yenyewe saa 1 usiku kupitia seva ya usimamizi. Tangazo la ubaoni husomwa wiki moja tu.

Linganisha matokeo na LUKU au bili, kwa yuniti na si kwa shilingi, kwa sababu kwenye pesa kuna VAT na tozo za REA na EWURA. Kisha zidisha yuniti kwa kipimo cha gridi ya taifa cha mwaka husika, yaani kilo za hewa ukaa kwa kila yuniti. Cha miaka mitano nyuma kitakupotosha: bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa MW 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na kubadilisha mchanganyiko wa umeme wetu.

Jenereta lihesabu kwa lita zilizoungua: kila lita ya dizeli ni takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Usitumie lita zilizonunuliwa bila kusoma kijiti cha tangi mwanzo na mwisho wa mwaka. Jenereta kubwa mno, lenye mzigo chini ya asilimia 30 hivi ya uwezo wake, hula mafuta mengi kwa kila yuniti na hujaza masizi kwenye bomba la moshi. Kama kazi yake ni kulinda chumba cha seva tu, betri za kutosha saa mbili au tatu zinaweza kulinyamazisha siku nyingi za mwaka.

Chumba cha seva ndiko kwenye mengi. Gesi ya kiyoyozi wengi huisahau kabisa. Kilo 1 ya R-410A, gesi ya viyoyozi vingi, ikivuja ni sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa, karibu lita 770 za dizeli. Kwa hiyo fundi anayekuja kila mwaka "kujaza gesi" anakuambia kuna tundu. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Dai atafute panapovuja na aandike kilo alizoongeza. Karatasi yake ndiyo data yako. Ukinunua kipya, chagua cha gesi ya R-32: kilo 1 yake ni sawa na kilo 675.

Joto nalo: seva hazihitaji nyuzi 17. ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, inapendekeza 18 hadi 27, na inapimwa mbele ya seva hewa inapoingia, si kwenye rimoti. Ziba kwanza nafasi tupu za kabati ili hewa ya moto isirudi mbele, kisha panda nyuzi moja kwa wiki hadi 24 au 25. Ukipandisha kabla ya kuziba, seva ya juu kabisa ndiyo italalamika. Baada ya hapo tafuta seva zinazokaa bure. Moja ya wati 150 hula yuniti 1,314 kwa mwaka kabla ya kuipoza. Tano za namna hiyo zinaweza kuingia kwenye mbili kwa njia ya seva pepe, yaani seva kadhaa za programu ndani ya mashine moja.

Kampeni za kufuta barua pepe ziache. Hazitaonekana kwenye hesabu.

Microsoft iliacha rasmi kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi nzima zimeandikiwa kufutwa kwa kuwa eti hazikubali Windows 11. Angalia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kabla ya kusaini: mara nyingi TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, ipo ila imezimwa. Zile zisizokubali kweli, weka SSD na RAM ya GB 8, uzipe Linux kwa madirisha ya kuhudumia wananchi yanayotumia kivinjari tu. Kwenye zabuni za NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, dai vipuri na betri zinazobadilishika kwa miaka 7. Zilizokufa kabisa zipelekwe kwa mwenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira, diski zikiwa zimefutwa, na risiti ya uzito ibaki kwenye jalada.