Namna ya Kudai Mchango wa Chakula Shuleni Bila Kumwaibisha Mwanafunzi

Mwongozo huu unawahusu walimu wanaosimamia chakula na wajumbe wa kamati katika shule za msingi za kutwa nchini Tanzania, ambako ada imefutwa lakini uji na makande bado hutegemea mahindi, maharage na fedha za wazazi. Deni la mchango ni la mzazi, na kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mtoto halisikii mstarini wala halioni kwenye sahani yake.

Hatua ya 1: Hesabuni pengo kabla ya mkutano wa wazazi

Kila mwaka wapo wasioweza kutoa, na kamati inayopanga kana kwamba wote watatoa ndiyo inayoishiwa stoo katikati ya muhula na kuanza kusoma majina ya wadaiwa. Chukulia shule ya wanafunzi 400 inayopika gramu 120 za mahindi kwa kila mtoto. Kwa siku 194 za masomo, mtoto mmoja anahitaji kilo 23 na ushee. Ikiwa mnatarajia kwamba watoto 20 hawatachangiwa na familia zao, pengo ni takriban kilo 466, ambazo zikigawanywa kwa 380 waliobaki hazizidi kilo moja na robo kwa kila mmoja. Kiwango kipangwe kikiwa na nyongeza hiyo ndani yake, na mkutano uelezwe sababu yake bila kumtaja mtu.

Hatua ya 2: Fungueni mlango wa msamaha

Maombi yapokelewe na mwalimu mkuu pamoja na mjumbe mmoja wa kamati, basi. Orodha ya kaya zinazonufaika na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, husaidia, lakini isiwe kigezo pekee, kwa kuwa mzazi aliyeugua wakati wa kilimo huenda hayumo humo. Mzazi akipenda kulipa kwa kuchanja kuni, aruhusiwe, ila kazi hiyo ifanyike Jumamosi: mtoto akimwona mama yake na shoka nyuma ya jiko saa ya mapumziko, wenzake nao wanamwona. Mtoto mwenyewe asioshe sufuria kufidia deni.

Hatua ya 3: Daftari likae ofisini

Mweka hazina wa kamati apokee mchango na kutoa stakabadhi. Mwalimu wa darasa asiwe na nakala ya daftari la michango, na kiranja asiliguse kabisa. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, akawaondoa walimu katika ukusanyaji wa fedha hizo. Kwa maoni yangu, hiyo ya pili ndiyo kinga kubwa zaidi, kwani mwalimu asiyejua nani anadaiwa hana la kumuuliza mtoto.

Hatua ya 4: Mdaini mzazi moja kwa moja

Msimtume mtoto kwa barua wala kwa mdomo. Tumieni simu, au mjumbe anayeishi kitongoji hicho, na ikiwezekana ngojeni mavuno. Ujumbe unaofaa ni kama huu:

«Habari mzazi. Kamati inakukumbusha debe la mahindi la muhula huu. Kama kuna ugumu, tafadhali fika ofisini Ijumaa saa tisa alasiri tuzungumze. Mtoto anaendelea kula kama kawaida.»

Sentensi ya mwisho isiachwe kamwe, kwa sababu mzazi mwenye deni huweza kumzuia mtoto nyumbani akihofia kwamba atafukuzwa kwenye foleni.

Hatua ya 5: Foleni moja, upawa mmoja

Mpishi asipewe orodha yoyote, wala pasiwe na watoto wa kusubiri ukoko. Pale ambapo sahani hutoka nyumbani, shule iwe na za akiba zisizo na alama, maana aliyekosa sahani mara nyingi ndiye aliyekosa mchango. Siku ya kwanza ya muhula mwalimu mkuu atangaze kwamba kila aliyefika shuleni anakula. Baada ya hapo, mwalimu wa zamu awaangalie wanaoelekea bombani au uwanjani wakati wenzao wanapakuliwa. Amkabidhi mtoto sahani kimya kimya na kumwelekeza foleni. Anayesema ameshiba siku baada ya siku, mjumbe azungumze na mzazi wake jioni ileile, na habari za debe zisiguswe katika mazungumzo hayo.