Divai nyekundu ya bei nafuu Lubumbashi: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoa pesa

Divai nyingi za bei ya chini zinazouzwa Lubumbashi zilitoka kwa mtengenezaji zikiwa nzima. Zinazoharibika huharibikia njiani au dukani, na mara nyingi kinachoziharibu ni joto. Za Afrika Kusini hutoka Stellenbosch, Paarl, Robertson na maeneo mengine ya Rasi Magharibi, hupanda na lori hadi Zambia, kisha hungoja zamu mpakani Kasumbalesa chini ya turubai. Za Ufaransa na Hispania huvuka bahari ndani ya kontena, hushushwa bandari kama Dar es Salaam au Durban, ndipo zianze safari ya barabara. Mnunuzi mgeni hutazama jina na picha ya lebo. Afadhali aanze na swali hili: chupa hii imekaa wapi, na kwa muda gani? Nchi na aina ya zabibu vinafuata baadaye.

Pesa nayo ina hesabu yake. Ndani ya bei ya chupa rahisi kuliko zote mna kioo, kizibo, lori, forodha na faida ya wauzaji wawili watatu. Gharama hizo hazibadiliki sana ukipanda hatua moja juu, kwa hiyo dola mbili au tatu za nyongeza huingia zaidi kwenye divai yenyewe. Ndiyo maana chupa ya bei ya chini kabisa ni biashara mbaya hata kama mfuko ni mwembamba. Kinyume chake, ukipanda mno unaanza kulipia jina, na ulimi wa anayeanza bado hautaona tofauti hiyo.

Kadiria kiasi kabla ya kutoka nyumbani. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Watu kumi wakinywa glasi mbili mbili pamoja na chakula wanahitaji chupa nne; chukua ya tano, kwa sababu moja inaweza kuwa na kasoro. Sanduku la lita 3 ni sawa na chupa nne, na kwa karamu si jambo la aibu hata kidogo. Ila mfuko wa plastiki ulio ndani hupitisha hewa kidogo kidogo. Tafuta tarehe ya kufungashwa kwenye karatasi la nje. Sanduku likishapita miezi tisa, tena katika joto la huku, liache. Kama ni katoni nzima unayotaka kwa ajili ya sherehe, nunua kwanza chupa moja, ifungue nyumbani, kisha rudi kesho yake kuchukua nyingine za mzigo ule ule. Usikawie wiki mbili, maana mzigo utakaoukuta unaweza kuwa mwingine.

Dukani, tazama mahali kabla ya kutazama chupa. Vitrini inayopigwa na jua la mchana huipika divai, hata kama duka ni la kifahari katikati ya mji. Kibanda cha mtaani Katuba chenye kivuli na wateja wengi kinaweza kukupa kitu bora zaidi. Rafu ya juu karibu na mabati ina joto kuliko ya chini. Chupa iliyo nyuma ya friji, pale motori inapopuliza, imepashwa moto usiku na mchana. Ishike: ikiwa vuguvugu mkononi, acha. Wengine huomba waletewe nyingine kutoka depo wakidhani huko ni salama, lakini depo ya mabati isiyo na dirisha mwezi wa Oktoba huwa mbaya kuliko duka lenyewe. Anayetaka kuweka akiba anunue kati ya Juni na Agosti. Ni kipindi cha baridi huku na kusini pia, na mizigo iliyofika kwa lori miezi hiyo haikuteseka sana.

Sasa chupa yenyewe. Joto linapoipanua divai, kizibo husukumwa juu. Pitisha kidole gumba juu ya kofia ya bati au plastiki: kizibo kinapaswa kuwa sawa na mdomo wa chupa au chini yake kidogo. Ukihisi kimevimba juu, rudisha. Kisha izungushe kofia ya bati kwa vidole viwili. Nyingi huzunguka bila shida. Iliyogandana, yenye utelezi wa kunata au doa jekundu lililokaukia pembeni, imevuja. (Kofia za plastiki zilizobanwa kwa moto hazizunguki hata zikiwa nzima, kwa hiyo hapo angalia doa tu.) Mwisho, zipange chupa tatu za aina moja ulinganishe kimo cha divai shingoni. Iliyopungua kuliko wenzake ilivuja au imeingiwa na hewa.

Kifuniko cha kusokota kinadharauliwa bure. Kwa divai ya kunywewa ikiwa changa ndicho bora: hakikauki chupa ikisimama miezi kwenye rafu, hakileti harufu ya ukungu wa koki (kizibo cha gome la mti), wala hakihitaji kizibuo. Kati ya chupa mbili za bei moja, moja ya koki na nyingine ya kusokota, anayeanza achukue ya kusokota.

Lebo isomwe mbele na nyuma. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kilichomo ni divai. Maandishi madogo nyuma yakisema "boisson aromatisée à base de vin", hicho ni kinywaji kilichochanganywa na kutiwa ladha, hata kama mbele kuna picha ya zabibu na ngome. Kisha sukari. "Doux" na "moelleux" kwa Kifaransa, au "Natural Sweet" kwenye chupa za Afrika Kusini, maana yake ni tamu. "Sec" au "dry" haina utamu wa kuonekana. Kwa sheria za Ulaya divai "sec" kwa kawaida haizidi gramu 4 za sukari kwa lita, ilhali "doux" huanzia gramu 45. Wengi wanaosema hawapendi divai nyekundu walianza na tamu, kisha wakapewa kavu bila kuambiwa. Hakuna ubaya kupenda tamu, lakini ujue unachonunua. Tena, tamu haiendi vizuri na bukari (ugali) na nyama.

Mwaka ulioandikwa ni mwaka wa mavuno. Kwa divai nafuu chukua iliyo changa, kati ya mwaka mmoja na mitatu. Imani kwamba divai ikikaa inazidi kuwa nzuri inahusu chupa chache ghali zilizolazwa mahali baridi. Kumbuka kwamba Afrika Kusini huvuna Februari hadi Aprili na Ulaya huvuna Septemba na Oktoba, hivyo kwa mwaka ule ule ya kusini ina umri zaidi kwa nusu mwaka hivi. Isiyo na mwaka kabisa, inunue tu kwenye duka ambalo bidhaa hazikai.

Yapo maneno ya kupuuza. "Grand Vin de Bordeaux" na "Vieilles Vignes" hayana kipimo cha sheria cha ubora, na "Réserve" kwenye chupa ya Kifaransa ni hivyo hivyo. Rioja ya Hispania ni tofauti: huko "Crianza" lazima iwe imetunzwa miaka miwili na "Reserva" mitatu, na katika hiyo angalau mwaka mmoja ndani ya pipa. Chupa nzito yenye shimo refu chini inaongeza kilo kwenye lori, basi. Na "contient des sulfites" (ina salfaiti, yaani kihifadhi) lisikutishe. Karibu kila divai inayo, na anayepaswa kujihadhari hasa ni mwenye pumu inayochochewa nayo.

Kuhusu aina ya zabibu, pima kwanza unavyovumilia ukakasi. Ule mkauko wa ulimi na ufizi, sawa na wa chai iliyolowekwa mno, unatokana na tanini za ngozi na mbegu za zabibu. Ukikusumbua, anza na Merlot, Cinsault au Gamay, ambazo ni laini. Cabernet Sauvignon ndiyo yenye ukakasi mwingi, na ya bei ya chini kabisa mara nyingi huwa na ukakasi bila tunda la kuufunika. Shiraz, ambayo Wafaransa huiita Syrah, ina mwili, yaani huhisi nzito mdomoni, na harufu ya pilipili manga. Pinotage ni zao la Stellenbosch: Abraham Perold aliipata mwaka 1925 kwa kuchavusha Pinot Noir na Cinsault. Baadhi yake hunukia kahawa, na hakuna kahawa iliyotiwa. Ni mbao za mwaloni zilizochomwa sana. Kwa Ufaransa, "Pays d'Oc" ya kusini kwenye jua kali huwa laini na yenye tunda kuliko Bordeaux ya bei hiyo hiyo.

Chakula kinaweza kubadilisha uamuzi wote huu. Mafuta na chumvi hupunguza ukakasi, hivyo michopo ya mbuzi inaibeba Shiraz au hata Cabernet. Lakini ukiitia pilipili nyingi, kileo kitachoma na ukakasi utageuka uchungu. Hapo tafuta laini ya asilimia 12 au 13, si 14.5. Sombe (kisamvu) yenye mawese inataka uchachu kidogo wa kukata mafuta, na Cinsault iliyopozwa inafaa. Thomson na samaki wengine wenye mafuta hugombana na divai nyekundu, huacha ladha ya chuma mdomoni. Kama lazima iwe nyekundu, iwe nyepesi na baridi.

Baridi, ndiyo. Ushauri wa "joto la chumba" ulitungwa kwa nyumba za Ulaya zenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Lubumbashi mwezi wa Oktoba kinaweza kufika nyuzi 28 na zaidi, na hapo divai hunukia kileo tupu. Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina, nyepesi dakika arobaini na tano. Umeme ukikatika, itumbukize hadi shingoni kwenye ndoo ya maji na barafu nusu kwa nusu kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Maji ni ya lazima. Barafu peke yake haiigusi chupa pande zote na huchukua muda mrefu. Chupa za akiba ziweke chini sakafuni, chumba cha ndani, mbali na jiko. Za koki zilazwe ili koki isikauke.

Kizibuo kiwepo kabla ya wageni. Kata kofia chini ya ukingo wa mdomo, choma katikati ya koki, zungusha hadi ubaki mzunguko mmoja, kisha vuta taratibu bila kuyumbisha. Koki ikivunjika, sukuma kipande ndani na uchuje kwa chujio safi la chai.

Mimina kidogo, nusa. Harufu ya karatasi gumu lililoloa au ukungu wa ghalani ni ugonjwa wa koki, hauponi. Siki ya wazi, au rangi ya kahawia kwenye divai changa yenye harufu ya tofaa lililooza, ni hewa au joto. Mapovu ulimini kwenye divai isiyo ya mapovu mara nyingi ni uchachukaji uliorudi ndani ya chupa. Hizi zirudishe dukani siku hiyo hiyo, chupa ikiwa bado imejaa na risiti mkononi. Harufu ya kiberiti au yai la kuchemsha si sababu ya kurudisha: tikisa glasi, ngoja dakika kumi na tano, mara nyingi huondoka. Mashapo meusi chini hayadhuru.

Anayetumia dawa ya metronidazole asinywe kabisa hadi saa 48 baada ya kidonge cha mwisho, na mjamzito asinywe.

Iliyobaki ihamishie kwenye chupa ndogo safi, ijae hadi juu ili hewa isipate nafasi, uiweke kwenye friji. Itadumu siku mbili hadi tatu. Baada ya hapo itie kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe mwanzoni mwa mapishi, ichemke bila kifuniko dakika kumi kabla ya kuongeza maji. Ile iliyonuka ukungu usiipikie, harufu hubaki kwenye mchuzi.