Samaki wa tangi dogo lenye mimea

Kabla ya kununua samaki, uliza atakuwa na urefu gani akikomaa. Pleko wa kawaida huuzwa akiwa mdogo kama kidole, kisha hupita sentimita 30. Kwenye tangi la lita 60 hana hata pa kugeukia. Goldifishi naye mwache, anang'oa mimea na kutafuna majani laini. Neoni tetra wanafaa zaidi: hubaki sentimita 3 hivi na hawasumbui mimea. Ila wanunue 6 au zaidi, maana wakiwa wawili watatu hujificha tu. Gapi wanapendeza, lakini ukichanganya madume na majike jiandae kwa vifaranga visivyoisha. Beta dume weka mmoja tu, wawili watauana.